Tofali Halirudi Nyuma

Nyumbani,
11 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi tupo. Mama anakula kidogo asubuhi, jioni anasema ameshiba. Paa la jikoni limeanza tena kuvuja, tumetega ndoo. Mke wa seremala hapo jirani amejifungua mtoto wa kike. Mimi naendelea na cherehani, sare za shule bado zinaletwa.

Nakuandikia kwa kuwa simu yako inaita mpaka inakata. Dereva wa lori la matofali anasema huja kupakia hapo kiwandani kwenu kila wiki, na amekubali kukupa barua mkononi.

Siku ya kumzika kaka tulikusubiri. Ulisema uko njiani. Wazee wakaniuliza, nikasema mjomba yuko njiani. Wakaniuliza tena, nikasema hivyo hivyo. Jua lilipopinda wakaona haifai kungoja zaidi. Siandiki kwa ajili ya hilo. Nataka kujua tu utakuja lini. Geti likilia Mama anageuza shingo, halafu anairudisha.

Jambo la pili. Ile timu ya raga ya watoto wa shule aliyokuwa anaifundisha kaka haijavunjika. Kila Jumamosi asubuhi watoto wanakuja wanasimama nje ya geti na mpira wao. Hawagongi, hawaondoki. Mama akasema, "Wachukue au wafukuze, mimi siwezi kuwatazama." Nikawachukua, tukaenda kwenye ule uwanja wa vumbi nyuma ya ghala. Sijui kitu. Kaka akicheza, mimi nilikuwa nashona namba za jezi tu, mechi sikutazama. Wao alishawafundisha kukimbia na sheria, mikono alisema itafuata. Sasa mpira ukiwafikia unaanguka. Kuna msichana wanamwita Sabuni, na ukimwona na mpira huulizi kwa nini.

Kaka alikuwa akisema mpira wake wa kwanza ulimpa wewe. Wanafundishwaje kushika?

Mpwa wako.


Kiwandani,
2 Machi

Mpwa wangu, jicho la dada yangu,

Marahaba, na nyingine weka akiba utakapoishiwa. Kaa chini kwanza. Barua ya mjomba wako haisomwi wima kama tangazo la ukutani. Huku tuko wazima. Mgonjwa ni jogoo wa mlinzi peke yake, anawika saa nane mchana, moshi wa tanuri umemvuruga akili. Mpishi wetu ameoa tena, na ni yule yule mke aliyemwacha, kwa hiyo hatukumpa hongera, tulimpa pole. Mimi mwenyewe nina afya mpaka wenzangu wamenishtaki kwa bosi.

Simu usiiulize. Ilidondoka kwenye udongo tukiwa tunafyatua matofali, ikafyatuliwa humo humo, ikachomwa, ikauzwa. Ukipiga inaita, ndiyo, maana ilikuwa simu imara, lakini inaita ndani ya ukuta wa mtu. Kuna mwenye nyumba mahali fulani anadhani amerogwa.

Habari ya kuja: naja. Kinachonizuia ni bosi. Juzi amenishika mkono mbele za watu akasema, "Mzee wa Kazi, ukiondoka wewe, hiki kiwanda nitafugia kuku." Na daraja nalo limekatika, mto umefurika, magari yanapita kwa dua. Mambo yakitulia mtaniona hapo na mzigo wangu begani.

Sasa raga! Hapo umemuuliza samaki habari za maji. Mimi nimecheza raga wakati watu wanadhani ni jina la ugonjwa. Tulicheza na kikosi cha askari, watu wenye shingo kama magogo, na mimi mguu mmoja uko kwenye plasta. Mpira nikaudaka kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umeshika kikombe cha chai. Chai haikumwagika. Kamanda wao akanipigia saluti. Muulize mama yako. Au usimuulize, mama yako mambo yangu mengi hakuyajua.

Sikiliza na uandike. Hapa kiwandani tunasimama mstari, kutoka mlango wa tanuri mpaka kwenye lori. Matofali yanarushwa mawili mawili, mkono kwa mkono, na hakuna anayeongea, maana ukiongea meno yako yataokotwa na wengine. Mgeni akija anadaka kwa nguvu kama anakamata mwizi. Jioni hana vidole. Tofali halidakwi, mpwa wangu, linapokelewa. Mikono inatoka kwenda kulilaki kama unavyomlaki mgeni, inarudi nalo kidogo, na kabla tofali halijajua limefika, limeshaondoka. Vidole ndivyo vinavyofanya kazi. Kiganja ni cha kuombea na kupigia kofi. Na macho yawe kwenye mpira, yasiwe kwa mtu. Mtu ana uso, na uso unadanganya.

Wapange mstari kama wetu. Na neno kubwa kuliko yote ni hili: mbele. Tofali halirudi nyuma. Linatoka tanurini linakwenda kwenye lori, na anayerudisha nyuma kwetu anatafuta kazi nyingine. Raga ni vivyo hivyo. Mpira mbele, mbele, mbele, mpaka mwisho wa uwanja. Atakayekubishia mwambie aje aniulize mimi.

Msalimie dada. Mwambie kaka yake ni yule yule.

Mjomba wako, Mzee wa Kazi.


Nyumbani,
23 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua imefika na vumbi jekundu ndani, nimeikung'uta dirishani. Nimemsomea Mama ile habari ya simu. Hakucheka, lakini aliniambia nirudie. Paa bado. Mtoto wa seremala analia sana, ana sauti nene kama ya baba yake.

Nimefanya ulivyosema. Nimewapanga mstari, mpira unatoka mwisho mmoja wa uwanja unakwenda wa pili. Mwanzo walikuwa wanaukumbatia kifuani. Nikawaambia habari ya kulaki mgeni. Mmoja akauliza, "Na kama mgeni mwenyewe hatumtaki?" Nikasema mpokee, umpitishe kwa jirani. Hilo wamelielewa haraka. Sasa mpira unafika nusu ya mstari bila kuanguka, ila kwa Sabuni. Ukifika kwa Sabuni wanafumba macho wote kama wanaosubiri sahani ivunjike.

Kuna jambo dogo. Siku ya kwanza nilipowaambia mpira uende mbele, walitazamana. Mmoja wanamwita Waziri, kwa kuwa anaongea sana na kazi haionekani. Akanyoosha mkono, "Mwalimu, lakini Kocha alikuwa..." Sabuni akamkanyaga. Nikauliza, "Kocha alikuwa nini?" Waziri akasema, "Alikuwa mrefu, Mwalimu." Tukaendelea.

Wiki hii sindano ya cherehani ilinichoma kidoleni, sikujua mpaka nilipoona damu kwenye kola ya mtoto wa watu. Nimeifua, imetoka. Watu wakija hapa wanaongea nami kwa sauti ya chini kama nimelala. Nikisema chai ina chumvi watasema ndiyo.

Dereva nimemuuliza habari ya daraja. Amesema njia hiyo haina mto.

Mjomba, barua yako ilikuwa ndefu, na kaka hujamtaja hata mara moja. Utakuja lini?

Mpwa wako.


Kiwandani,
14 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, mwanangu, na salamu za kiwanda kizima. Wote wanakujua kwa sifa ninazokupa. Afya tunayo, njaa tunayo pia, lakini ya kawaida. Mlinzi amegombana na mpishi kuhusu kuni, wamepatanishwa na mimi, nani mwingine. Niliwakalisha pande mbili za gogo moja nikawaambia atakayenyanyuka kwanza ndiye mwenye makosa. Mpaka leo wanahemeana.

Dereva yule ni mtu mwema lakini akiwa anaendesha hatazami chini. Mto upo. Ukame huu umeufanya mwembamba, lakini mto ni mto. Halafu bosi amenikabidhi tanuri la pili. Sasa ninasimamia moto kulia na moto kushoto, mimi katikati kama nyama. Siwezi kuondoka mtu akaja kuunguza matofali ya watu.

Yale uliyoandika mwishoni nimeyasoma.

Huyo Sabuni ndiye mchezaji wako. Usishangae. Mwaka fulani tulikuwa tunajenga jengo refu, mimi niko chini, bosi kasimama anahesabu nondo. Tofali likachomoka ghorofa ya nne. Watu wakapiga kelele, bosi akatazama juu kama bata anayetazama mvua. Nikanyoosha mkono, nikalipokea juu ya kipara chake, kofia haikusogea. Akaniambia, "Kulikuwa na nini?" Nikamwambia, "Inzi." Sasa kabla ya siku hiyo mimi nilikuwa naangusha kila kitu! Vikombe, funguo, mpaka mkate. Anayeangusha ana mikono inayofikiri sana.

Mfanyie hivi. Mgeni wa kiwandani hatumpi tofali lililochomwa. Tunampa bichi, udongo wenyewe, bado lina maji. Akilibana linabaki na alama za vidole, linapinda, halifai. Nyapara analitazama anajua ni nani alibana na kwa mkono gani. Basi mtoto anarusha na kupokea udongo mpaka siku linapofika mwisho wa mstari likiwa na sura yake. Finyanga udongo kama papai, mpe Sabuni. Asiambiwe "usiangushe." Aambiwe "usiache alama." Uoga wa kuangusha utampotea maana atakuwa na shughuli nyingine.

Nilikuwa na mtu niliyemfundisha hivyo, kwenye kibaraza cha nyumba yenu, matope mpaka ukutani. Dada alitupiga wote wawili na ufagio.

Nitaishia hapo, moto unaniita.

Mjomba wako.


Nyumbani,
9 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sisi tupo. Mama ametoka nje siku mbili akakaa kwenye kibaraza. Alama za matope bado ziko ukutani chini ya rangi, ukipapasa unaziona. Alinionyesha yeye. Udongo umemfaa Sabuni. Alama zilikuwa nyingi, zikapungua, sasa anarudisha papai lake zima, na mpira haumshindi.

Wiki iliyopita tulicheza mechi ya kirafiki na shule ya ng'ambo ya barabara kuu. Nikusimulie.

Mpira ulipoanza tu, mtoto wetu akarusha mbele, mwenzake akapokea vizuri kabisa, bila sauti. Refa akapuliza kipenga, akawapa wale mpira. Nikadhani amekosea. Tulipoupata tena tukarusha tena mbele, tukapokea vizuri, akapuliza. Ikawa hivyo. Kila tukirusha, kipenga. Kocha wao alikuwa amesimama karibu yangu, anacheka mpaka ameshika goti. Akaniambia, "Dada, hawa umewafundisha raga au kupakua gari?" Nikamwambia, "Kupakia." Alidhani natania.

Wakati wa mapumziko refa akaja. Kijana tu, mpole. Akasema, "Mwalimu, pasi ya raga inakwenda nyuma. Mbele mpira unabebwa, haurushwi. Ndiyo sheria ya kwanza." Nikawageukia watoto. Walikuwa wanatazama viatu vyao.

"Mlijua?"

Mmoja akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa.

"Waziri, wewe huwa hunyamazi. Mlijua?"

"Tulijua tangu siku ile, Mwalimu. Kocha alitufundisha."

"Kwa nini hamkusema?"

"Nyumbani walisema tusikuudhi. Walisema umefiwa."

Sabuni ndiye aliyemalizia. Akasema, "Tuliogopa tukikwambia umekosea utaacha kuja."

Nilikaa juu ya ndoo ya maji. Nilingoja nione aibu, haikuja. Nilingoja kulia, nako hakukuja. Nilifikiri tu kwamba tangu tumzike kaka hakuna mtu aliyeniambia nimekosea jambo lolote, na kumbe hata watoto walikuwa wameambiwa. Nikawaambia kuanzia leo nikikosea mnizomee. Waziri akauliza kama hiyo ni ruhusa rasmi. Nikasema ni rasmi. Akaanza pale pale, akasema na filimbi ya mazoezi naishika kinyume.

Kipindi cha pili walicheza walivyofundishwa na kaka. Walifungwa vile vile, lakini vipenga vilipungua.

Mstari wako sikuuacha, Mjomba. Tumeugeuza. Anayerusha anatangulia, anayepokea yuko nyuma yake kidogo, wote wanakimbia. Mikono ni ile ile ya kiwandani. Sabuni zamani alikuwa anasimama ili apokee. Sasa hasimami.

Sijakasirika. Naomba kitu kimoja, na wewe usinionee huruma. Kama unakuja, andika nakuja. Kama huji, andika siji. Bonanza la shule ni Jumamosi ya mwisho ya Juni, hapo hapo nyuma ya ghala. Mama amesema atakwenda kutazama. Amesema mwenyewe, sikumwomba.

Mpwa wako.


Kiwandani,
27 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku tuko wazima. Mvua imenyesha juu ya matofali mabichi, yameyeyuka, tumeanza upya.

Hiyo sheria ni mpya. Wakati wetu mpira ulikuwa unakwenda popote mwenyewe anapotaka. Askari wale nilirusha mbele wakashangilia. Waliobadilisha ni watu wa ofisini, watu ambao hawajawahi kushika hata yai. Huyo refa angekuja wakati wangu angemeza kipenga chake, tungesikia anapumua muziki.

Lakini kwa kuwa wamebadilisha, wafundishe hiyo hiyo ya kwao. Umefanya vizuri kugeuza mstari. Sikuwahi kufikiria kwamba mstari unageuzwa.

Waambie hao watoto. Hapana, usiwaambie kitu.

Dada anakula jioni? Hukuandika.

Juni nimebanwa. Matanuri mawili, na sasa bosi anazungumzia la tatu. Siwezi kusema naja, siwezi kusema siji. Mjomba wako hajawahi kushindwa kusema neno, unalijua hilo, kijiji na mji vinalijua. Leo mkono umechoka.

Mjomba wako.


Kiwandani,
3 Julai

Mpwa wangu,

Salamu kwako na kwa dada. Huku hatujambo.

Yule dereva wa lori alikuwa na safari ya huko kwenu Jumamosi ile, akapita uwanjani. Amenisimulia, nami nimeona nikuandikie alivyoona, maana mtu aliye ndani ya mchezo hauoni mchezo.

Anasema alisimama ng'ambo, upande wa ukuta wa ghala, pale penye kivuli. Hakutaka kusumbua. Dada alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja umefungwa waya. Amevaa koti la kijivu, na jua lote lile. Amekonda. Wewe ulikuwa umesimama kwenye kona, mikono nyuma, filimbi shingoni. Jezi za watoto zimekwisha rangi lakini namba ni mpya, nyeupe. Namba ya yule msichana mwembamba imekaa upande kidogo.

Anasema watoto hawakuwa wanapiga kelele. Timu nyingine zilikuwa zinaitana, "Hapa! Hapa!" Hao walikuwa wanapokea kimya.

Ilitoka pasi moja mbaya. Ilimjia yule msichana chini ya goti, naye yuko mbioni. Hakuruka, hakuinama sana. Mikono ilishuka ikaukuta, ikarudi nao kidogo, akampa aliye nyuma yake. Aliye nyuma akampa wa nyuma yake. Haukuonekana umeshikwa na mtu. Halafu mtu mmoja wa mwisho akakimbia nao mpaka kwenye mstari, akaanguka juu yake, vumbi likapanda. Huyo dereva anasema alinyanyua mkono kama anapokea yeye.

Anasema hapo akatazama kona ile, mahali ambapo kaka yako angesimama. Akakuona wewe. Alidhani ataweza kuvuka uwanja, ulikuwa hauna watu katikati, wanabadilishana pande. Hakuvuka. Akaondoka kabla ya mwisho, kwa hiyo matokeo hayajui.

Ndivyo alivyoniambia. Mimi nimeandika tu.

Mjomba wako.


Nyumbani,
11 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Sisi tupo. Paa la jikoni seremala amelipiga bati jipya.

Dereva alipoleta barua yako nilimuuliza mechi aliionaje. Akasema mechi gani. Jumamosi ile lori lake lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu mawili. Nikamwambia basi, nimechanganya.

Kwa hiyo mwambie huyo rafiki yako mwingine, yule aliyeona, kwamba Mama alimwona. Alikuwa ukutani, mkono mmoja juu ya kichwa. Mama akasema, "Yule anasimama kama kaka yangu." Nikataka kuvuka, akanishika sketi.

Akasema, "Mwache. Babu yenu alipokufa, yeye alipanda juu ya dari ya banda. Watu wakazika, wakala, wakatawanyika, vyombo vikaoshwa, ndipo akashuka. Na aliposhuka akaanza kutusimulia alivyopigana na chui huko juu. Tulikuwa tumekaa hapa kama mizigo, akatusimulia chui mpaka shangazi yenu mkubwa akacheka. Yeye kuzika hawezi. Kila mtu ana kazi yake msibani. Mimi sitaki aje kuzika, kuzika kumekwisha. Nataka akae hapa nimsikie anavyodanganya."

Hayo ni maneno yake, sijaongeza.

Tulifungwa mechi zote mbili. Ile alama uliyosimuliwa, wanaiita trai, ndiyo peke yake tuliyopata. Waziri ndiye aliyeanguka juu ya mpira, na tangu siku hiyo hakai kiti kimoja na wenzake. Umeniandikia kama vile mchezo ule ulikuwa mzuri. Nimesoma mara nyingi nione kama nilikuwepo. Sijui kama nilifurahi. Nakumbuka niliona mikono yangu inapiga makofi.

Timu haivunjiki. Wameongezeka, wengine ni wadogo kabisa, mpira unawazidi tumbo. Wakubwa nawaweza. Hawa wadogo nawarushia upande mmoja, wakigeuka hakuna mtu wa kuwarushia upande wa pili. Nahitaji mtu mzima mmoja mwenye mikono. Wakimkosoa asinune, sasa wana ruhusa, na wanaitumia.

Jumamosi, asubuhi. Mwambie huyo rafiki yako.

Mpwa wako.


Kiwandani,
17 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Wazima huku.

Barua nimeisoma. Mlinzi akaniuliza kuna habari gani, sikumjibu, akadhani nimepandishwa cheo.

Bosi nimemwomba ruhusa. Alikubali kabla sijamaliza kuomba. Tanuri ni moja, na lina wenyewe wanaolijua.

Yule rafiki yangu nimemwambia. Anasema atakuja. Sheria ya pasi ameielewa. Amejaribu huku na papai bichi, mpishi akiwa nyuma yake, wenzetu wamecheka mpaka kazi ikasimama.

Anauliza kitu kimoja tu. Akifika, asimame wapi?

Mjomba wako.


Nyumbani,
20 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Sisi tupo. Dereva anaondoka sasa hivi, injini inanguruma hapa nje, kwa hiyo naandika mbio.

Asimame popote. Uwanja wenyewe ni mdogo.

Mpwa wako.